Mauzo yapo, pesa haipo: kutafuta mahali fedha inapovuja katika biashara ya mazao na chakula

“Tatizo langu ni mtaji.” Neno hilo nalisikia karibu kila ninapokaa na mtu mwenye mashine ya kusaga, banda la kuku, kituo cha kukusanyia maziwa au duka la nafaka. Nimekuja kuliogopa, kwa sababu anayelisema mara nyingi yuko njiani kwenda kukopa, na mkopo ukimwagwa juu ya tundu lisilozibwa hupita mulemule zilimopita fedha za kwanza. Kwa hiyo kabla ya kukopa, tutafute tundu.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta dalili inayofanana na yako, kisha fuata sababu kwa mpangilio wake: inayotajwa kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi, na kwa kawaida ndiyo rahisi kuikagua. Usiruke kwenda ya mwisho kwa kuwa ndiyo unayoishuku.

Kuna kazi moja ya kufanya kwanza, dalili yoyote iwayo. Chagua siku, na kabla ya kufungua mlango hesabu vitu vitatu: fedha zote ulizonazo (sandukuni, benki na kwenye simu); mali iliyomo stoo, kwa kuipima na siyo kwa kuikadiria; na majina ya unaowadai na wanaokudai, kila jina na kiasi na tarehe. Karatasi hizo tatu ziandikwe siku hiyohiyo. Bila hizo, yote yanayofuata hapa ni kubahatisha.

Dalili: Wateja hawakauki, lakini siku ya kununua malighafi sanduku ni tupu

Hii ndiyo ninayoletewa kuliko zote, na ina sababu nyingi, basi tukae nayo.

Sababu ya kawaida kabisa ni mfuko mmoja. Fedha ileile inanunua magunia, inalipa ada ya shule, inamsaidia ndugu aliyelazwa hospitali. Hakuna aliyeiba, wala hakuna matumizi hata moja ya kuonea haya, lakini sanduku limekwisha. Kukagua ni rahisi. Kwa siku 14, kila kinachotoka kiandikwe siku hiyohiyo, hata kiwe kidogo namna gani, na safu ya nyumbani iwe peke yake. Mayai, unga au maziwa yanayoliwa nyumbani nayo yaandikwe, kwa bei ambayo ungeyauzia. Siku ya 15 jumlisha safu hiyo. Wengi nimewaona wakiijumlisha mara ya pili, wakidhani wamekosea.

Tiba ni kujilipa mshahara: kiasi kimoja, tarehe moja, kisha sanduku lisiguswe kwa mambo ya nyumbani mpaka tarehe nyingine ifike. Kama biashara haiwezi kukulipa hata mshahara mdogo, hilo ni jambo la kulijua sasa, ungali na nafasi ya kurekebisha bei au gharama.

Sababu ya pili ni mali kauli. Umeuza kweli, ila fedha imelala kwa wateja. Chukua ile orodha ya unaowadai uigawe kwa umri wa deni: siku 30 kurudi chini, siku 31 hadi 60, na zaidi ya 60. Wengi huanza kudai deni kongwe kwa sababu ndilo linalouma. Mimi nashauri uanze na madeni makubwa ambayo bado ni machanga: mteja bado anakuhitaji, bado mnaonana, na simu moja ya heshima inaweza kukuletea fedha ya gunia kumi. Yaliyopita siku 60 yawekee kanuni moja tu, kwamba hapati mzigo mpya mpaka apunguze nusu ya deni la zamani. Na kuanzia leo, mzigo wa mkopo usitoke bila karatasi yenye sahihi ya aliyeupokea. Sahihi hiyo ndiyo itakayokusaidia siku mwenye duka atakapobadilika au atakaposema hakumbuki.

Sababu ya tatu haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayoangusha hata biashara zinazokua vizuri: urefu wa mzunguko. Tuseme unanunua nafaka kwa fedha taslimu, zinakaa stoo siku 40, kusaga na kufungasha kunachukua siku 5, na mteja analipa baada ya siku 30. Jumla ni siku 75. Kama muuzaji wa nafaka anakusubiri siku 10, zinabaki siku 65 ambazo wewe ndiye unayebeba mzigo wote. Ikiwa gharama yako kwa siku ni 200, kwa fedha yoyote utakayohesabia, unahitaji 13,000 zilizolala kwenye mzunguko wakati wote. Ukipata mteja mkubwa na mauzo yakawa maradufu, unahitaji 26,000, na unazihitaji kabla hujalipwa na huyo mteja. Ndiyo maana mtu anapata oda ya ndoto yake, na baada ya miezi miwili anashindwa kununua hata mifuko ya kufungashia.

Hapa mkopo si dawa ya kwanza. Fupisha siku. Kununua nafaka ya siku 20 badala ya 40 kunaachia 4,000 kwenye mfano wetu. Mteja akilipa kwa siku 15 badala ya 30, nyingine 3,000. Ombi la malipo ya awali, hata ya theluthi, lipelekwe kabla ya kukubali oda. Baada ya kukubali, mlango huo umefungwa.

Sababu ya nne: kitu cha kukaa miaka kimenunuliwa kwa fedha ya wiki. Pikipiki, friza au paa jipya limelipwa kwa fedha iliyotakiwa kununua malighafi. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kizuri sana, lakini kitarudisha fedha yake pole pole kwa miaka, ilhali malighafi inahitajika Jumatatu. Vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyofaa mkopo wa muda mrefu.

Wizi nimeuweka mwisho kwa makusudi. Upo, lakini huwa unashukiwa kwanza na kuthibitishwa mwisho, na nimeona vijana wema wakifukuzwa kwa kosa la daftari. Ukifika hapa baada ya kukagua yote ya juu, hesabu stoo bila kutangaza mara tatu katika mwezi, kila mara mkiwa watu wawili, na linganisha na daftari.

*Simama hapa:* pengo likijirudia mara zote tatu, usimtuhumu mtu, usikate mshahara, usiandikishe mtu karatasi ya kukiri kosa. Mwite muhasibu wa nje apitie vitabu, na kabla ya kumwachisha mtu kazi zungumza na mwanasheria. Kesi ya kumfukuza mtu isivyo halali inaweza kugharimu kuliko magunia yaliyopotea.

Dalili: Daftari linaonyesha faida kwa kila mzigo, lakini msimu ukiisha kuna hasara

Karibu kila mara kosa liko kwenye gharama ya kilo moja.

Anza na unyevu. Nafaka iliyonunuliwa ikiwa na unyevu wa asilimia 18 na kukaushwa hadi 13 haibaki na uzito uleule. Kilo 100 zinakuwa kilo 94.25, kwa sababu kilichopungua ni maji na maji hayo uliyalipia. Ukichambua na kutoa asilimia 3 ya uchafu na punje mbovu, zinabaki takribani kilo 91.4. Sasa angalia bei. Ulinunua kilo kwa 10, jumla 1,000. Kwa hesabu ya haraka ukasema utauza kwa 11 upate faida ya moja kwa kila kilo. Lakini gharama yako halisi ni 1,000 kugawa kwa 91.4, yaani kama 10.94. Umebaki na senti 6 kwa kilo, na hujalipa mfuko, usafiri wala mlinzi.

Tiba: pima unyevu siku ya kununua, tena mbele ya muuzaji, na uwe na jedwali la bei kwa kila kiwango cha unyevu. Huna kipima unyevu? Pima gunia moja siku linapoingia na ulipime tena baada ya kukauka. Tofauti hiyo ndiyo itakayokupa bei ya msimu mzima.

Sababu ya pili ni mizani, na hapa nina jambo nililoliona mwenyewe. Niliwahi kukaa siku mbili kwenye kiwanda kidogo cha kusaga ambako kilo kadhaa zilikuwa zinapotea kila siku kati ya stoo na mlangoni. Mwenyewe alikwisha kumshuku kijana wa mizani. Siku ya pili tuliinua bamba. Chini yake unga ulikuwa umekaa miezi, ukashika unyevu, ukakauka, na kwenye kona ya nyuma ulikuwa mgumu kama saruji, unalizuia bamba lisishuke. Gunia likiwekwa katikati, mizani ilisoma sawasawa. Likiegemea kona ile, ilisoma pungufu kwa karibu nusu kilo, na kijana alikuwa anaongeza unga mpaka namba itimie. Aliegemeza kila gunia kona ile kwa sababu ndiko kulikokuwa na ukuta wa kulizuia lisianguke. Tulikwangua kwa bisibisi na brashi kama robo saa. Yule kijana alisimama pembeni akitazama, hakusema neno.

Kwa hiyo kagua mizani hivi: uzito mmoja unaoujua uuweke katikati, kisha kwenye kila kona. Namba iwe moja mara zote tano. Kama huna jiwe la mizani, lita 20 za maji zilizopimwa vizuri zina uzito wa karibu kilo 20. Ongeza uzito wa chombo. Mizani ikikataa hata baada ya kusafishwa, usiifungue ndani. Mizani ya biashara hurekebishwa na kugongwa muhuri na wakala wa vipimo anayetambuliwa na sheria, na ukivunja muhuri mwenyewe unaingia kwenye kosa.

Sababu ya tatu ni kuchanganya nyongeza juu ya gharama na faida ndani ya bei. Ukinunua kwa 100 ukaongeza asilimia 25, unauza 125. Faida yako ni 25 kati ya 125, ambayo ni asilimia 20 ya mauzo. Mtu anayedhani ana asilimia 25 ya mauzo, kisha akampa mteja punguzo la asilimia 20 akiamini bado amebaki na 5, ameuza kwa 100. Hajapata hata moja.

Nne, kazi ya familia na uchakavu wa mashine havimo kwenye hesabu. Andika saa za kila mtu, hata mke, mume na watoto wakubwa, uzilipie kwenye karatasi kama ungemlipa mtu baki. Kwa mashine, gawa bei yake kwa miaka unayoitegemea, kisha kwa kilo unazosaga kwa mwaka. Kwa wafugaji wa kuku neno moja tu: chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote bandani, kwa hiyo anza kupima kilo za chakula kwa kila trei ya mayai kabla hujasumbuka na bei ya taa.

Dalili: Mavuno ni mazuri, lakini bei imeanguka na unauza kwa hasara

Kila mtu ameuza wiki ileile. Bei ikiwa juu mwaka huu, wengi hulima zao hilohilo, na mwakani sokoni hapapitiki. Mwanauchumi Nicholas Kaldor, mwaka 1934, aliufananisha mwenendo huo na utando wa buibui, kwa jinsi bei na mavuno yanavyozungukana. Huwezi kuuzuia. Unachoweza ni kutolazimika kuuza katika wiki mbaya kabisa, na kinachowalazimisha wengi ni tarehe ya marejesho iliyopangwa siku ya mavuno. Ukiwa unapanga mkopo wa pembejeo, tarehe hiyo ijadiliwe kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya kuamua kuweka stoo, fanya hesabu. Tuseme bei ya leo ni 100. Kila mwezi riba ya fedha iliyolala ni 2, ghala 1, upotevu 1. Miezi mitano ni 20. Bei isipopita 120, kuweka kumekuumiza. Njia ninayoipenda ni kugawa: uza kiasi cha kulipa madeni ya karibu, weka kilichobaki, na kikauze kwa awamu mbili au tatu badala ya kungoja siku moja ya bei kubwa. Palipo na mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani ghala linakupa hati ya mzigo uliouhifadhi humo, stakabadhi hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo mdogo wakati mzigo unasubiri. Kwa wadudu, mifuko isiyopitisha hewa hufanya kazi nzuri: oksijeni ya ndani inakwisha na wadudu wanakufa bila dawa, ilimradi nafaka iwe kavu na mfuko ufungwe barabara.

*Simama hapa:* nafaka yenye unyevu unaozidi kama asilimia 13.5 isiingie ghalani. Ukiona ukungu au ukinusa harufu ya uvundo, usiichanganye na nzuri ili ijifiche, na usiwape mifugo. Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Tenga mzigo, mwite mtaalamu wa nafaka achukue sampuli ipimwe maabara.

Dalili: Marejesho ya mkopo yanakukaba

Kwanza kagua kama ratiba inalingana na mapato. Ng’ombe wa maziwa anaweza kulipa kila wiki. Shamba la miezi minne haliwezi, hata liwe zuri vipi. Mengi yanayoitwa “kushindwa kulipa” ni ratiba mbovu, na wakopeshaji wengi hukubali kuibadilisha ukienda kabla ya tarehe. Ukienda baada ya kuchelewa mara mbili, mazungumzo ni mengine.

Pili, uliza riba inahesabiwa juu ya nini. Mkopo wa 12,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka mmoja, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, unalipa 1,120 kila mwezi. Inaonekana nafuu. Lakini kila mwezi umerudisha sehemu ya deni, na bado unalipia riba kana kwamba unayo yote mkononi. Ukiulinganisha na mkopo ambao riba yake hupungua pamoja na deni, huo ni sawa na karibu asilimia 21.5 kwa mwaka. Omba jedwali la malipo lenye safu ya salio kabla ya kusaini. Ada za fomu, bima na akiba ya lazima ziongeze humo.

*Simama hapa:* ukifika mahali pa kuchukua mkopo wa pili ili kulipa wa kwanza, usichukue. Hali kadhalika ukipokea barua inayotaja dhamana yako. Siku hiyohiyo mpelekee mkopeshaji barua ya kuomba kupangiwa upya, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na mtafute mwanasheria. Usihamishe mali kuificha kwa jina la ndugu. Hilo linaweza kuwaingiza wote wawili kwenye kesi.

Dalili: Wanachama wa kikundi wanauza pembeni

Viongozi hulaumu uaminifu. Mimi nikifungua vitabu naona zaidi malipo yaliyochelewa: mlanguzi analipa papo hapo, kikundi kinalipa baada ya wiki sita. Lipeni sehemu siku ya kupokea mzigo, na salio kwa tarehe inayojulikana. Bandikeni ukutani kilo zilizopokelewa, bei iliyouzwa na makato yote. Na ziada igawanywe kwa kadiri kila mtu alivyoleta, siyo kwa usawa wa vichwa. Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844 waligawa ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama, na kanuni hiyo bado inashika watu.

Dalili: Bidhaa zinarudishwa

Angalia mpangilio wa stoo: kinachokaribia kuisha muda ndicho kitangulie kutoka, hata kama kiliingia jana. Kisha joto. Chakula kinachoharibika upesi kikae chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Katikati ya hapo vijidudu huzaana haraka. Weka kipimajoto ndani ya friza na usome asubuhi na jioni, kwa sababu umeme ukikatika usiku friza haitakusimulia. Mteja mmoja akisema ameugua, acha kuuza mzigo wa tarehe hiyo wote, uutenge, na utoe taarifa kwa afisa wa afya. Usingoje wa pili.

Dalili: Vitabu havifungi

Fedha iliyohesabiwa na daftari vinatofautiana. Kabla ya kukesha, itazame tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu zimepinduana: 540 imeandikwa 450, tofauti 90. Kama tofauti ni namba shufwa, igawe kwa mbili uitafute nusu yake, maana huenda malipo yaliingizwa upande wa mapato. Ikiwa ni kiasi kamili unachokikumbuka, tafuta risiti iliyosahaulika au iliyoandikwa mara mbili. Kisha linganisha daftari na taarifa ya benki na ya simu, mstari kwa mstari. Makato madogo ya miamala ndiyo yanayosahaulika zaidi.

Rekebisha kwa kupiga mstari mmoja juu ya kosa, namba ya zamani ibaki ikisomeka, kisha andika sahihi na tarehe. Kifutio na wino mweupe wa kufutia visiguse daftari la fedha.

*Simama hapa:* ukikuta kurasa zimenyofolewa, namba za risiti zinaruka, au makadirio ya kodi yaliyopelekwa hayafanani na vitabu ulivyonavyo, usirekebishe kitu chochote. Piga picha kila ukurasa, funga vitabu mahali pa ufunguo, na umpelekee mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa pamoja na zile karatasi tatu za siku ya kwanza.